Huruma ya mnunuzi haipimi kilo

Wandugu, kule Ulaya mnunuzi anasimama mu duka, mbele yake shokola mbili. Moja iko na alama: mkulima alilipwa vizuri, hakuna mtoto aliyetumikishwa. Ukimuuliza, anasifu hiyo. Akiona bei, mara nyingi anachukua ile ingine.

Côte d'Ivoire na Ghana, zenye kutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, hazikungoja huruma. Mwaka 2019 zilisimama pamoja, zikadai dola 400 zaidi kwa kila tani.

Sisi wachimbaji wa kobalti tujifunze hapo. Wanaonunua telefone nao wanatuhurumia, kisha wanauliza bei. Njo maana tunasema: tuingie mu sendika, tusimame siye wenyewe karibu na mizani.