Katoyi: Moto ukianzia kwako, utalipa nyumba ngapi?

Katika mtaa wa Katoyi, mjini Goma, nyumba nyingi ni za mbao, zimejengwa juu ya mawe meusi ya volkano na kubanana hadi ukuta wa mmoja karibu unagusa wa mwenzake. Jiko la makala likianguka usiku, anayeungua si mwenye jiko peke yake.

Je, majirani watalipwa na nani?

Sheria ya Kongo haizunguki. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado ni msingi wa sheria ya madai, inasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Kifungu cha 260 kinamgusa pia mzazi: mtoto anayeishi nyumbani akichezea kiberiti, deni ni la mzazi.

Bima ya kulipa hasara za wengine inajulikana zaidi kwa wenye magari na pikipiki, ambao wanalazimishwa na sheria. Ya nyumbani hakuna polisi anayeiuliza barabarani. SONAS, kampuni ya serikali, ilikuwa peke yake sokoni hadi sheria ya Machi 2015 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi.

Kiasi gani basi? Wengi huanza na thamani ya nyumba yao, na hapo ndipo wanapokosea. Kinachohesabiwa ni mapaa ambayo moto wako unaweza kuyafikia kabla watu hawajafika na bidoni za maji. Tuseme ni nyumba sita, na kila moja pamoja na vyombo vyake ni dola 2,000: hizo ni dola 12,000, kabla ya gharama za hospitali. Mpangaji aongeze na nyumba ya mwenye kiwanja. Mfuko wa AVEC utasaidia kununua mbao na bati chache, si kujenga nyumba sita.

Lava ya Nyiragongo, kama ya 2002 au 2021, haimo katika hesabu hii. Hakuna jirani atakayekudai kwa ajili ya mlima.

Kabla ya kutia sahihi, familia iulize kama kampuni inakubali nyumba za mbao, na ni kiasi gani itatoa yenyewe kwanza kabla ya kampuni kulipa. Tena, tangu M23 ilipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufunga milango, iulize fidia itapokelewa wapi.