Muhula wa Mwavuli wa Dharura

Katika vyombo vyote alivyovibuni mwanadamu kuinusuru roho yake, ni vichache vifungwavyo kwa hadhari kama mwavuli wa dharura wa kurukia kutoka ndegeni, ambao mwenyewe huweza kuubeba mgongoni miaka na miaka asiuone ndani hata mara moja. Maana kuukunjua na kuukunja si kazi ya rubani, bali ni ya fundi mwenye cheti, na siku za kazi hiyo zimewekwa na sheria.

Nchini Marekani, ambako kanuni hizi zimeandikwa kwa tafsili, kipimo ni aina ya uzi: mwavuli ambao kitambaa, kamba na mikanda yake yote ni ya nailoni au nyuzi mfano wake zisizoshikwa na ukungu, sharti uwe umekunjwa katika siku 180 zilizopita, lakini ikiwamo hariri au uzi mwingine wa asili, hata kidogo, muhula hupungua ukawa siku 60. Zamani muhula wa nailoni ulikuwa siku 120, ukarefushwa mwishoni mwa mwaka 2008, kwa kuwa nyuzi za kisasa hustahimili kukaa, ilhali kushikwashikwa na kushindiliwa mkobani mara kwa mara ndiko kunakozichakaza. Hoja ambayo mimi naiona ya haki, japo yawashangaza wanaodhani kwamba kukagua hakuna hasara.

Fundi huutandaza mwavuli akautazama kitambaa kwa kitambaa, mshono kwa mshono, akachunguza mipira iliyokauka na vyuma vilivyoingia kutu; akiisha kuukunja huhesabu zana zake, isiwe hata moja imesalia ndani, kisha huufunga kwa uzi mwembamba na lakiri ya risasi yenye alama yake, akatia tarehe na sahihi katika kadi. Lakini kadi haijui kilichotokea baadaye: mwavuli ulioloa maji ya bahari, au uliomwagikiwa na tindikali ya betri, haungoji muhula, hata kama ulikunjwa jana.

Na sheria yenyewe ina kichekesho chake. Rubani aliye peke yake katika ndege, hata akiipindua juu chini kwa michezo ya angani, halazimishwi kuvaa mwavuli wowote. Bali akichukua mmoja wa kumfaa wakati wa dharura, na muhula wake umepita kwa siku moja tu, amekwisha vunja sheria.