Kanisa Lisilo na Msumari

Mimi ni seremala, na nimelelewa katika usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kwa hiyo nikiingia kanisa lolote macho hukimbilia kwanza juu, kwenye kenchi na dari. Katika kanisa la Kilutheri la Hronsek, kijiji kidogo karibu na mji wa Banská Bystrica nchini Slovakia, nilisahau hata kuketi. Nguzo, kuta, dari, mabenchi, vigae vya paa: vyote ni mti, na vimesimama tangu 1726.

Waliolijenga hawakuchagua mbao kwa kupenda. Enzi hizo eneo hilo lilikuwa ndani ya ufalme wa Hungaria, chini ya watawala Wakatoliki wa ukoo wa Habsburg, na Walutheri walikuwa wamenyang'anywa makanisa yao. Mwaka 1681 bunge lililoketi Sopron likawaruhusu kujenga tena, lakini kwa ruhusa iliyofungwa pingu: makanisa mawili tu kwa kila jimbo, nje ya miji, mahali watakapoonyeshwa. Tena, kama inavyosimuliwa huko hadi leo, lisitumike jiwe wala tofali, pasiwe na mnara, msumari wa chuma usiguse mti, na kazi iishe ndani ya mwaka mmoja kwa gharama ya waumini wenyewe. Naamini kabisa aliyebuni masharti hayo alitaka vibanda vya kuoza upesi.

Hronsek waliweka msingi tarehe 23 Oktoba 1725, baridi ikibisha hodi, na vuli iliyofuata kanisa likawa tayari.

Siri iko kwenye viungo. Kwanza ilisimamishwa fremu ya nguzo na boriti nene, zikakazwa kwa mihimili ya mshazari, kisha nafasi zilizobaki zikazibwa kwa mbao za wima. Pale boriti inapokutana na nguzo, mti mmoja umechongwa ulimi, mwingine umetobolewa tundu, na pini ya mti imepigwa kupenya yote miwili. Mafundi wa mtepe wa Lamu, walioshona mbao za chombo kwa kamba za makumbi, wangeielewa kazi hii bila mkalimani. Msumari hushika kutu na kuula mti unaouzunguka. Pini ya mti huvuta unyevu pamoja na boriti, vikavimba pamoja na kunywea pamoja, na kiungo kikabaki kimeshikana.

Ramani ya kanisa ni msalaba. Mabenchi yamepanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye roshani, na watu wapatao 1,100 hupata pa kuketi katika jengo ambalo kwa nje ungelidhania la watu 300. Kwa Mlutheri hili si pambo. Ibada yetu imesimama juu ya neno linalohubiriwa, na asiyemwona wala kumsikia mhubiri amekosa nusu ya ibada. Milango ni mitano, watu wakaingia na kutoka bila kusongamana. Kengele nazo zina jengo lake la mbao, limejitenga kando, kwa kuwa kanisa lenyewe lilinyimwa mnara.

Madhabahu ni ya 1771. Picha zake sita, alizochora Samuel Kialovič, hubadilishwa kufuata majira ya kanisa, hivyo anayekuja Kwaresima haoni picha ile ile atakayoiona Pasaka. Nilitamani sana kila usharika wetu uwe na kitu cha namna hiyo.

Mwaka 1781 kaizari Joseph II alitoa hati ya uvumilivu wa kidini, na baada yake sharika nyingi zikajenga kwa mawe. Kati ya makanisa 38 ya mbao yaliyotokana na sheria ile ya Sopron, yamebaki matano. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza matatu, Hronsek likiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Inaniuma kufikiria mengine yalivyobomolewa, maana mbao zilizoungwa kwa pini hufunguka zikiwa nzima. Ushahidi ni kanisa la kijiji cha Paludza, lililojengwa mwaka 1774 na seremala Jozef Lang: lilikuwa kwenye bonde la kufurikwa na bwawa la Liptovská Mara. Mwaka 1974 mafundi walianza kulifungua, wakalihamishia kijiji cha Svätý Kríž, na mwaka 1982 lilikuwa limesimama tena.