Adhabu ya bangi huisha, rekodi hubaki

KIJANA wa Mbagala anakamatwa na msokoto wa bangi. Akifikishwa mahakamani, ndugu wanamshauri akiri haraka, alipe faini na kurudi kwenye genge lake kabla nyanya hazijaoza. Miaka sita baadaye anapata kazi Oman. Anatakiwa kupeleka hati ya polisi, anachukuliwa alama za vidole, na kosa lile linaibuka.

Huo ni mfano tu, lakini mfanyabiashara wa Tandika au Manzese hahitaji kuelezwa mara mbili. Wengi hudhani faini ikishalipwa mambo yamekwisha, kumbe kilichokwisha ni adhabu. Kutiwa hatiani kunabaki kwenye kumbukumbu.

Nchi zilizolegeza sheria ya bangi zimekumbana na suala hilo. Kanada iliihalalisha Oktoba 2018, na mwaka uliofuata ikawaruhusu waliopatikana na bangi kidogo kuomba bila malipo rekodi zao zitengwe. Waliojitokeza walikuwa wachache mno, maana mtu aliyekwisha kuchoka na ofisi za serikali harudi huko kwa hiari. San Francisco, Marekani, ilifanya kinyume chake: ofisi ya mwendesha mashtaka ilitumia kompyuta kupekua mafaili yenyewe, na kufikia 2019 ilikuwa imebaini zaidi ya kesi 9,000 za kusafishwa. Karibu nasi, sheria ya Afrika Kusini iliyosainiwa Mei 2024 inaelekeza rekodi za waliokutwa na bangi au kuitumia zifutwe bila mhusika kuomba.

Hapa nchini mlango huo haujafunguliwa. Bangi ni haramu chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kuilima kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Mwenye shamba anayeruhusu ilimwe kwenye ardhi yake naye hasalimiki, hivyo anayekodisha heka zake ni vyema ajue kinachopandwa humo.

Kilichopo ni rufaa, na hapo ndipo ule ushauri wa ndugu unapogeuka hasara. Aliyekiri kosa mwenyewe kwa kawaida hawezi kupinga kutiwa hatiani; anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Aliyekana na kushindwa katika mahakama ya wilaya ana siku 10 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kupeleka rufaa yenyewe Mahakama Kuu, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za hukumu. Akichelewa kwa sababu ya msingi, anaweza kuomba aongezewe muda.

Asiye na fedha za wakili anaweza kuwaona wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Awaone kabla ya kusomewa mashtaka, si siku ya kufuata hati ya polisi.