Kutulia kwa Moyo Si Kupona

Shangazi yangu ni mkulima wa mahindi huko Bungoma. Miaka michache iliyopita, alipokuwa amemtembelea bintiye mjini Kitale, moyo ulianza kumdunda ovyo na pumzi zikamwishia. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba vyumba vya juu vya moyo wake vilikuwa vikitetema badala ya kupiga kwa utaratibu. Alitibiwa, akapata nafuu, akarejea kwake na vidonge vya aina mbili: vya kuzuia mapigo yale yasirudi, na vya kuzuia damu isigande. Nilipomzuru baada ya miezi mitatu, bahasha za dawa zilikuwa juu ya kabati, zimeshika vumbi. "Mwanangu," akaniambia, "dawa za nini, nami nimepona?"

Kwa aibu nakiri kwamba nilinyamaza. Kwenye bahasha paliandikwa 1 x 2, basi. Hapakuwa na neno la kueleza vidonge vilikuwa vya kazi gani, wala vingemezwa mpaka lini. Kabla ya mwezi kwisha, shangazi alipatwa na kiharusi. Yu hai, lakini mkono wake wa kulia haushiki jembe tena.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kuchunguza lugha. Nami naamini kwamba sehemu ya msiba huu ilianzia katika kitenzi. Kiambishi -me- katika "nimepona" hutangaza kuwa jambo limetimia. Malaria ikitibiwa vyema huisha. Maradhi haya ya moyo, aghalabu, hutulia tu. Mto Nzoia nao hutulia wakati wa kiangazi, lakini hakuna mkaazi wa kando yake asemaye kwamba umepona mafuriko.

Historia ya dawa hizi inatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa maana ilianza na kwinini, dawa chungu ambayo wazee wetu waliimeza kwa malaria. Mwaka 1912, mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwambia daktari Karel Wenckebach kwamba aliweza kuyakomesha mapigo yake ya ovyo kwa gramu moja ya kwinini. Wenckebach aliyachapisha hayo mwaka 1914. Mwaka 1918, Walter Frey alionyesha kwamba kwinidini, nduguye kwinini, ilikuwa na nguvu zaidi. Hata hivyo, asije mtu akameza dawa ya malaria kwa sababu ya kisa hiki!

Mwaka 1990 wataalamu waliyajumlisha matokeo ya majaribio sita ya kwinidini. Baada ya mwaka mmoja, nusu ya walioitumia walikuwa bado na mapigo ya sawasawa, ilhali miongoni mwa wasioitumia ilikuwa robo tu. Lakini waliokufa walikuwa asilimia 2.9 kwa walioitumia, na 0.8 kwa wasioitumia. Yaani dawa ya kutuliza mapigo yaweza yenyewe kuyavuruga. Amiodaroni, ambayo hutumika sana leo, huweza kudhuru mapafu na tezi ya thairoidi, na kwa hivyo mgonjwa hana budi kupimwa mara kwa mara. Dawa za namna hii haziazimwi kwa jirani.

Vidonge vya damu navyo ni jambo la pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wagonjwa 4,060, ulionyesha kwamba viharusi vingi viliwapata walioacha dawa ya kuzuia damu isigande, au waliokuwa na kiasi chake pungufu mwilini. Mapigo kutulia hakumpi mgonjwa ruhusa ya kuiacha. Uamuzi huo ni wa daktari.

Walimu wenzangu, tunafundisha ngeli na nyakati kana kwamba ni mambo ya mtihani tu. Tuwafunze wanafunzi kutofautisha dawa ya kuponya na dawa ya kuzuia maradhi yasirudi. Nawe mwanafunzi, ufikapo nyumbani likizoni, isome bahasha ya dawa ya nyanya yako. Ukikuta tarakimu pekee, mwandamane hadi kwa daktari, muulize: dawa hii ni ya kazi gani, na itamezwa mpaka lini? Maswali hayo mawili sikuyauliza mimi, na shangazi ndiye aliyelipa.