Homa ya ini na mafuta kwenye ini: Maradhi mawili, ini moja

Wakazi wanaoishi na homa ya ini aina ya B wanashauriwa kurudi kliniki iwapo picha ya ultrasaundi imeonyesha kuwa pia wana mafuta kwenye ini, hata kama waliwahi kuambiwa kwamba hawahitaji dawa kwa sasa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliotolewa Machi 2024, unataja mafuta kwenye ini na kisukari miongoni mwa hali zinazoweza kumfanya mwenye homa ya ini aina ya B aanzishiwe matibabu bila kungoja wingi wa virusi upande. Uamuzi ni wa daktari, lakini daktari hawezi kuamua juu ya jambo asiloambiwa. Mara nyingi picha huchukuliwa hospitali moja na virusi hupimwa kwingine, na majibu hayo mawili yasikutane kamwe.

Je, maradhi haya yanatofautianaje?

Homa ya ini aina ya B husababishwa na virusi vinavyoishi ndani ya seli za ini. Huambukizwa kupitia damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida huvishinda virusi. Mtoto mchanga ni tofauti: takriban watoto 95 kati ya 100 wanaoambukizwa wakiwa wachanga hubaki na virusi kwa miaka mingi. Ndiyo maana watu wengi wanaoishi navyo hawakumbuki kuugua.

Mafuta kwenye ini hayaambukizwi. Hutokana hasa na uzani mkubwa, kitambi, kisukari na mafuta mengi kwenye damu. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, huhesabiwa kuwa ugonjwa. Nao pia hauumi, kwa hivyo mwenye kuwa nao anaweza kulima, kuvua au kuendesha bodaboda kutwa bila kujua.

Yote mawili huleta uvimbe, na uvimbe wa miaka mingi huacha makovu. Makovu yakienea, ini husinyaa na kushindwa kufanya kazi, na saratani inaweza kufuata. Virusi vya aina ya B vinaweza hata kuleta saratani kabla ini halijasinyaa. Anayebeba maradhi yote mawili analichosha ini lake kwa njia mbili.

Dawa moja haitibu yote

Hapa ndipo wengi huteleza. Tembe ya tenofovir, inayomezwa mara moja kwa siku, huzuia virusi kuzaliana. Haiondoi mafuta. Kupunguza uzani nako huondoa mafuta, lakini hakuviui virusi. Kwa hivyo aliyepunguza kilo asiache tembe zake kwa kudhani amepona. Kuacha ghafla kunaweza kuvirudisha virusi kwa kishindo na kuliumiza ini vibaya. Ukiishiwa na dawa au zikikusumbua, zungumza na kliniki kwanza.

Usitegemee kipimo kimoja

Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa watu wenye mafuta kwenye ini mara nyingi huwa na virusi vichache zaidi kwenye damu. Mgonjwa akiona idadi ndogo, hufurahi na kurudi nyumbani. Idadi hiyo haisemi lolote kuhusu makovu, kwani mafuta yanaweza kuendelea kuliumiza ini hata virusi vikiwa vimetulia. Vivyo hivyo, kipimo cha utendakazi wa ini kikibaki juu ilhali dawa imevituliza virusi, mafuta au pombe huenda ndiyo chanzo.

Muulize daktari maswali haya manne: Virusi vyangu ni vingi kiasi gani? Ini langu lina makovu? Sukari, shinikizo la damu na mafuta kwenye damu yakoje? Je, nahitaji kuchunguzwa saratani ya ini? Wale walio katika hatari kubwa, hasa ambao ini limesinyaa, kwa kawaida hupigwa ultrasaundi kila baada ya miezi sita.

Sahani na mwendo

Kwa mafuta kwenye ini, tiba ya kwanza ni uzani. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 4 hadi 5, mafuta kwenye ini huanza kupungua. Akifikia kilo 7 hadi 9, uvimbe nao hupungua, na hata makovu yanaweza kulegea. Afanye hivyo polepole. Kujinyima chakula hadi kukonda ghafla kunaweza kuliumiza ini zaidi.

Anza na vinywaji. Soda, juisi za pakiti na chai ya sukari nyingi huchangia sana mafuta kwenye ini. Chipsi, viazi karai na mahamri viwe vya siku mojamoja. Punguza ugali au wali kwenye sahani, ongeza mchicha, sukuma wiki, kunde, maharagwe na samaki asiyekaangwa. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Kahawa isiyo na sukari haina tatizo kwa watu wengi.

Pombe, mitishamba na mahindi yenye ukungu

Kwa mwenye maradhi haya mawili, ni salama zaidi kuacha pombe kabisa, iwe bia, mnazi au chang'aa. Mitishamba ya "kusafisha ini" pia ni hatari, kwani baadhi huliharibu ini lenyewe. Ukiwa umeitumia, mwambie daktari bila kuona haya.

Jambo jingine ni ghala la nyumbani. Sumukuvu, ambayo wengi huiita aflatoksini, hutoka kwenye ukungu wa mahindi na njugu karanga. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Hata kwa kiasi kidogo, ikiliwa kwa miaka mingi, huzidisha sana hatari ya saratani ya ini kwa mtu mwenye virusi vya aina ya B. Kupika hakuiondoi. Anika mahindi juu ya turubai, yakauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa, na usile wala usiuze yaliyoota ukungu.

Nyumbani

Mgonjwa asitengewe sahani wala kikombe. Virusi haviambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana au kusalimiana. Visivyofaa kushirikiwa ni wembe, mswaki na sindano. Mke, mume, watoto na ndugu wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe. Mtu mzima huhitaji dozi tatu. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hivyo usikose tarehe za kliniki. Mama mjamzito mwenye virusi awaambie wahudumu mapema, ili mtoto alindwe tangu siku ya kuzaliwa.

Pa kuanzia

Fika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Beba majibu yote ya vipimo, hata ya zamani, pamoja na dawa unazotumia. Ukihitaji vipimo vya hospitali, utapewa barua ya rufaa; uliza mapema ni gharama gani zinazolipiwa na SHA. Na ukifika mbele ya daktari, taja maradhi yote mawili.