Rubani wa Nchi Kavu

Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili, mwaka 1498, baada ya kutoka Mombasa ambako yeye na wenyeji walishukiana, hakuwa na upungufu wa merikebu, wala wa mabaharia, wala wa mizinga. Alilolikosa ni jambo moja tu, nalo ni mtu aijuaye njia ya Bara Hindi na majira ya pepo zake. Na mfalme wa Malindi alipompatia rubani, merikebu zile zilivuka bahari kwa muda wa siku 23 hivi zikaiona nchi ya Calicut. Kisa hiki hunijia akilini kila mara rafiki anijiapo kuniuliza akodi motokaa ya namna gani ili awapeleke wageni wake kuyatazama magofu yaliyo kaskazini ya Mombasa, kwenda na kurudi siku moja: maana huniuliza ina viti vingapi, ina kiyoyozi au haina, mafuta ni juu ya nani, na habari ya rubani haimpitikii kabisa.

Njia yenyewe si ndefu. Toka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120, na leo mtu huzipita hori zote tatu bila ya kushuka garini, ilhali wazee wetu walikuwa wakilivuka daraja la kwanza la Nyali lililoelea majini, wakifika Mtwapa wakaingia katika pantoni iliyovutwa kwa mnyororo na watu walioimba huku wakivuta, kisha wakangoja tena kivuko cha Kilifi, ambako daraja halikufunguliwa mpaka mwaka 1991. Baina ya hori hizo kuna mashamba ya mkonge ya Vipingo yenye mibuyu iliyoachwa katikati ya mistari, na mbele ya Kilifi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke; na katika masafa haya machache yamo mahame manne yenye kustahiki kuzuriwa, nayo ni Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa, Mnarani ukingoni mwa hori ya Kilifi, Gede iliyo msituni, na Malindi yenyewe. Wingi huo ndio unaowaponza watu. Mwenye motokaa huahidi kuwaonyesha yote manne, na ahadi huitimiza, lakini msafiri hurudi nyumbani kuta zote zimemchanganyikia akilini, asijue ni wapi alikouona msikiti na ni wapi alikoliona kaburi la mnara.

Rai yangu ni kwamba mahame mawili yanatosha, la tatu likiwa ni ziada, na kwamba siku ianzwe kwa la mbali. Desturi ya wengi ni kusimama kwanza Jumba la Mtwana, kwa kuwa ndilo linalotangulia njiani, na hata wakifika Gede jua limekwisha kupinda na miguu imechoka. Bali atokaye Mombasa baada ya sala ya alfajiri, akapita Mtwapa kabla ya njia kujaa, huwa Malindi asubuhi, Gede mchana wakati ambapo kivuli cha miti mikubwa kinafaa kuliko wakati wowote, kisha humalizia karibu na nyumbani. Na kama muda ukimpungukia, basi lililompotea ni lile aliwezalo kulirudia siku nyingine kwa nauli ya matatu.

Kuhusu mapatano na mwenye gari sina mengi ya kusema. Yafaa ijulikane mapema kama bei ni ya siku nzima au ya masafa, kama mafuta yamo, na kama chakula cha dereva kimo. Na ada ya kuingilia, ambayo hutofautiana baina ya raia, mkazi na mgeni, ni juu ya msafiri. Jambo moja tu nitalitilia mkazo: dereva na mwongozi ni watu wawili, hata kama tangazo limewafanya mmoja.

Nalijua hilo kwa kuwa lilinifika. Miaka kadhaa iliyopita walinijia jamaa zangu kutoka Maskati, watu ambao babu zao walizaliwa Mombasa, nasi tukakodi motokaa nzuri yenye dereva aliyesifiwa kuwa ni mwongozi pia. Tulipofika Gede, katika lile jumba la mfalme, tulikionea ajabu chumba kimoja kisicho na mlango, na dereva wetu akatuambia kwa sauti ya yakini ya kwamba hapo ndipo watumwa walipofungwa. Shangazi yangu, ambaye hakusoma shule yoyote ila chuo cha Kurani, akamwuliza, "Na chakula walikipataje, mwanangu?" Akajibu, "Kilipitishwa kwa lile tundu la juu, Mama." Shangazi akalitazama tundu, akamtazama yeye, akasema, "Na wao wenyewe waliingia wapi?" Dereva akawa hana jawabu, na hakika chumba kile ni hazina, mahali pa kuwekea mali yenye thamani, ambapo mwenye nyumba aliingia kwa kupanda juu na kupitia tundu hilo, na vyumba vya namna hiyo vimo hata katika nyumba za matajiri zilizo jirani na jumba lile. Riwaya ya gereza ilikuwa na msisimko zaidi kwa dereva. Lakini ya hazina inafahamisha zaidi, kwa kuwa inatuambia kwamba hapa palikuwa na mali ya kuogopewa wezi.

Na mali hiyo ilikuwa nini? Hapa ndipo Gede inapostahiki saa tatu badala ya nusu saa. Mahame haya, yaliyozungukwa na ukuta wa ndani na wa nje, na ambayo sehemu yake ya ndani ni ekari 45 hivi, yalichimbwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, naye kwa kuwa hakuyajua majina ya wenye nyumba, aliziita nyumba kwa vitu alivyoviokota ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya fedha za Kichina, nyumba ya ushanga wa Venice, nyumba ya kijaluba cha pembe, nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya kauri. Mwongozi mwema humsimamisha mgeni mbele ya majina hayo, kwa sababu ni hesabu ya biashara iliyoandikwa kwa vitu: Uchina, Bara Hindi, Uajemi na Ulaya zote zimeacha kitu katika mji ambao Wareno, waliokaa miaka mingi Malindi, kilomita 16 tu kutoka hapa, hawakuutaja katika maandishi yao. Tukumbuke kwamba mwaka 1415 twiga alipelekwa kutoka Malindi mpaka kwa mfalme wa Uchina, na basi vigae vya samawati na nyeupe vilivyookotwa Gede havitatushangaza mno. (Wengi wetu hatupambanui kauri, yule kombe wa baharini, na kaure, chombo cha Kichina, na jina moja hutumika kwa vyote viwili; wala hatumo peke yetu, kwani Waitalia nao jina lao la chombo hicho, porcellana, walilitwaa kwa kombe huyo huyo, kwa ajili ya mng'aro wake.)

Mpeleke mwongozi wako kwenye kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ambao ni sawa na mwaka 1399 wa Miladi, kisha mwulize ni kwa nini mji ulihamwa. Ikiwa atakupa sababu moja tu, upesi, kama mtu aliyehifadhi, mshukuru lakini usimtegemee. Mwenye ilimu atakueleza kwamba Wazimba walipita pwani hii mwaka 1589 wakiteketeza miji. Kwamba baada yao Wareno waliitwaa Mombasa, wakaijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, na mfalme wa Malindi akahamishia enzi yake huko, biashara ikamfuata. Kwamba visima vya mji vilipungukiwa na maji. Na kwamba Wagalla, ambao leo huitwa Waoromo, walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, hata jina la Gede lenyewe husemwa kuwa ni la lugha yao. Kisha atanyamaza kidogo na kukuambia kwamba mji haufi kwa ugonjwa mmoja. Vile vile juu ya mlango mmoja wa Msikiti Mkuu pamechongwa mkuki, naye akikuambia kwamba mkuki ulikuwa alama ya utawala kwa watu wengi wa pwani na bara, na kwamba kwa nini ukawekwa msikitini ni jambo linalobishaniwa, basi umepata rubani. Waongozi wa aina hiyo hupatikana hapo hapo langoni, kwa maana mahame haya yamo katika utunzaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na tangu mwaka 2024 yameingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Chakula kiachwe garini, maana kima wa Gede hawana haya.

Liko jambo jingine ambalo mwongozi akilifundisha mara moja mgeni atakuwa na macho mapya siku nzima, nalo ni kuzisoma kuta. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya aina mbili, na zote mbili ni za baharini: mawe magumu ya mwamba uliokwisha kuwa nchi kavu, yaliyotiwa ukutani na kufungwa kwa chokaa, na matumbawe yaliyokatwa majini yangali laini, yanayochongeka kwa urahisi kabla ya kukauka, ambayo mafundi waliyaweka akiba kwa ajili ya mihirabu, miimo ya milango na vidaka. Hata chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Dari nayo ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti iliyo nene ya kutosha aghalabu haizidi mita tatu, basi chumba hakikuweza kuwa kipana zaidi ya hapo, hata kama mwenyewe ni mfalme. Akitaka ukubwa alikirefusha, hakukipanua. Ndiyo maana vyumba vya Gede ni virefu na vyembamba kama ushoroba, na mgeni asiyeambiwa hudhani kwamba wakazi wake walikuwa maskini wa nafasi.

Malindi ni ya kupitiwa kwa haraka. Nguzo ya Vasco da Gama, yenye msalaba wa jiwe la Ureno juu yake, yapendeza asubuhi kwa sababu ya bahari inayoizunguka. Lakini mimi hupendelea kusimama mjini, kando ya Msikiti wa Ijumaa, penye kaburi la mnara ambalo watalii hulipita wakitafuta vinyago. Na ikiwa mwongozi atakuambia kwamba rubani wa Vasco da Gama alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa elimu ya bahari kutoka Oman, mwambie kwa adabu kwamba wanazuoni wengi wa leo wanalikanusha hilo, na kwamba maandishi ya Wareno yanamtaja mtu wa Gujarati. Mnarani, juu ya hori ya Kilifi, ina mihirabu iliyojaa maandishi ya Kiarabu, na anayeyasoma hatajuta kusimama.

Safari ile ya jamaa zangu ilikwisha Jumba la Mtwana, baada ya laasiri, upepo ukitoka baharini na kuingia katika msikiti ulio ufukoni. Mji ule ulihamwa mapema kuliko Gede, mwanzoni mwa karne ya 15, na jina lake ulipewa na watu waliokuja baadaye. Dereva wetu, ambaye tangu kisa cha hazina alikuwa mkimya, alituambia ya kwamba amewaleta wageni hapa mara nyingi, na kila mara hungoja chini ya mbuyu. Shangazi akamshika mkono, akamwingiza nasi katika nyumba iitwayo ya milango mingi, na mwongozi wa pale, kijana mpole, akatueleza ile habari ya boriti. Dereva akasimama katikati ya chumba, akakipima kwa hatua kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, akarudi akakipima tena.

"Maalim," akaniita, "chumba cha babu yangu Takaungu ni hivi hivi. Tulipotaka kukipanua, fundi alikataa. Alisema boriti haitafika."

Yule mwongozi kijana akatoa kalamu yake, akamwomba amwambie nyumba hiyo iko mtaa gani.